Sauti Nyuma ya Mabati

"Umemwona?" Mzee Shivachi aliuliza kwenye simu.

"Nimemwona. Ameingia kwa kibanda fulani cha mabati hapa Congo ya Kawangware, nyuma ya watu wa mbao."

"Usimguse. Usimwite hata jina. Sisi tunakuja."

Wanzala alirudisha simu mfukoni akajibanza kando ya kibanda cha makaa. Alikuwa amemfuata bintiye kwa miguu kutoka Kibera mpaka hapa Kawangware, mfuko wa vifaa begani, akisimama kila Trizah aliposimama, akigeuzia uso ukutani kila alipogeuka. Akiulizwa, angesema ameitwa kutengeneza spika. Hakuna aliyemuuliza. Mtu mwenye gundi iliyokauka kwenye mikono ya shati huonekana anakwenda kazini hata akiwa anakwenda kumsaliti mtoto wake.

Neno hilo, kumsaliti, lilimjia lenyewe. Akalifukuza. Yeye alikuwa anamwokoa.

Kazi yake ilikuwa spika zilizopasuka, na Kibera haikosi: makanisa huzipasua Jumapili, na disko matanga, zile ngoma za usiku za kuchangisha pesa za mazishi, huzipasua siku zilizobaki. Jumanne ya wiki hiyo stima ilipotea mchana, kama inavyopotea kila wakubwa wanapoamua watu wa chini wakae giza, akafunga kibanda na kurudi nyumbani mapema. Hata hakufika mlangoni. Nyuma ya mabati ya chumba chake kulikuwa na sauti. Haikuwa ya mtu anayeongea wala anayelia. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama mlango wa chuma unaoburutwa kwenye saruji, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Alichungulia kwenye tundu la msumari. Mle ndani alikuwemo Trizah peke yake, amesimama katikati ya chumba, macho amefumba, mdomo wazi.

Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, wodini, kwenye kifua cha mkewe Lenah, wakati mtungi wa oksijeni ulipoisha na nesi akaenda kuutafuta mwingine, na mwingine haukuwepo, na aliyeshika funguo za stoo alikuwa kwenye mkutano. Lenah alivuta pumzi kwa sauti hiyo mpaka akaacha. Tangu hapo Wanzala alikuwa amezunguka kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa ofisi moja yenye viyoyozi ambako walimwambia aandike malalamiko, yeye asiyejua kuandika zaidi ya jina lake. Wote walikula mshahara wao. Hakuna aliyemwambia hata pole iliyotoka moyoni.

Sasa kilichomchukua mke wake kilikuwa kimehamia kwa mtoto. Angewaza nini kingine? Mama Hope, jirani, naye alikuwa amesikia. "Baba Trizah, hiyo si kikohozi," alimwambia pale bombani mbele ya watu. "Tafuta wazee mapema."

Akawatafuta. Shivachi ndiye aliyekuwa mkubwa wa wenye kuombea wagonjwa wa aina hiyo kanisani kwao. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaeleza utaratibu. Wangempata msichana mahali pale anapokutana na hayo mambo, si nyumbani. Baba mzazi angeushika mkono wake wa kulia na kuuweka kwenye mkono wa mzee. Bila mkono wa baba, roho husema haijakabidhiwa, hukataa kutoka. Kisha wangempeleka nyumba ya maombi, akalale mkekani bila chakula mpaka imwachilie. Wanzala alikubali kwa kichwa. Baadaye tu, akiwa kitandani, alimkumbuka binti wa Opondo, muumini mwenzao, aliyerudi kutoka nyumba hiyo akiwa mtulivu kweli, mtulivu kiasi kwamba mpaka leo hujibu salamu kwa kutazama chini.

Sasa, pale Kawangware, ngoma iligonga ndani ya mabati. Halafu gitaa, likinguruma kama lori linalopanda mlima, halafu ile sauti. Hapa ilikuwa na nguvu mara kumi. Watu wa mbao waliendelea kupiga randa kana kwamba hawasikii kitu. Lakini sikio la Wanzala, hata katika hofu ile, lilinasa jambo lingine chini ya kelele: spika ya besi ilikuwa inachanika. Karatasi ya koni yake ilikuwa inapiga karatasi.

Alisukuma mlango kabla hajajua anasukuma.

Muziki ulikufa vipande vipande. Kulikuwa na kijana mwenye gitaa, msichana nyuma ya ngoma, na mzee mmoja mwenye mvi na aproni ya fundi mbao, amening'iniza gitaa la besi tumboni. Na Trizah, maikrofoni mkononi.

"Baba?" alisema. "Umenifuata?"

Alionyesha spika kwa kidole. "Hiyo imechanika. Mkiendelea mtachoma koili, ule waya wa ndani."

"Nilikuambia, Alvin," yule mzee alimwambia kijana. "Nilisema inakohoa."

"Ulisema ni waya, Jeconia."

"Nilisema inakohoa."

Wanzala alikuwa tayari amepiga magoti, anafungua skrubu. Mikono ilitaka kazi. Simu ikalia mfukoni. Hakuishika.

"Hii ni nini mnafanya hapa?" aliuliza, akiongea na spika.

"Ni metali, mzee, roki nzito," Alvin alisema. "Metali ya Kikristo."

"Usinichezee."

"Hakuchezei," Jeconia alisema, akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu naye. "Hata mimi nilishtuka hivyo. Kuna mzungu wa misheni, nilikuwa namtengenezea makabati. Akarudi kwao akaniachia katoni ya kaseti. Nikadhani ni mahubiri, nikazipeleka nyumbani nisikie neno. Jumapili hiyo naweka kaseti, nasikia wanaume wanapiga kelele kama ng'ombe wamefungiwa. Nikazima, nikaomba. Nikawasha tena. Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini jina la Yesu nililisikia. Nikasikiliza mpaka betri zikaisha."

"Sasa hao ni wazee," Alvin alidakia. "Wana wajukuu, na bado wanapiga. Sisi tukaanzia hapo, halafu tukatafuta kwa simu. Wako wapya Brazili, wako Norwe, wako hadi Botswana na makoti ya ngozi kwa lile jua. Kila wiki tunapata bendi nyingine."

"Na wote wanalia hivyo?"

"Si kulia, Baba." Trizah alichuchumaa mbele yake. "Ni kazi. Unajifunza. Ukikosea unaharibu koo." Alichukua kiganja cha baba yake, kile kisichoshika bisibisi, akakiweka tumboni pake, chini ya mbavu. "Sikia."

Akatoa ile sauti, kidogo tu, chini chini. Wanzala alitaka kuvuta mkono. Chini ya kiganja msuli ulikaza ukalegea, kama wa mtu anayebeba mtungi wa maji. Ilikuwa pumzi tu. Pumzi ya mtu mzima wa afya, akiitoa anapotaka na kuizuia anapotaka.

"Nilikusikia Jumanne," alisema. "Nilidhani ni mama yako."

Msichana wa ngoma aliangalia fimbo zake.

"Mimi pia nilikuwa wodini, Baba," Trizah alisema hatimaye. "Hukuniuliza hata siku moja nilisikia nini. Unaongea tu juu ya mwenye funguo." Hakusema kwa ukali. "Nikasikia hawa wanaimba hivyo kwa Mungu, na hakuna anayewaambia wanyamaze. Nikasema, kumbe inawezekana."

"Unaimba nini hasa? Maneno?"

Aliyasema polepole, kwa sauti yake ya kawaida, kama anavyosema bei ya mboga. "Mtungi ulikuwa mtupu, na Wewe ulikuwepo. Mlango ulifungwa, na Wewe ulikuwepo. Siendi popote. Nijibu."

Wanzala alitafuta kopo la gundi kwenye mfuko wa vifaa na kwa muda hakuliona, ingawa lilikuwa juu. Ofisi zote alizopiga foleni. Milango yote. Hakuwahi kupeleka kesi huko juu kabisa. Alidhani huko hakuruhusiwi.

Simu ililia tena. Safari hii aliitoa.

"Tuko kwa watu wa mbao," Shivachi alisema. "Tunasikia ametulia. Mshike."

Wanzala alimtazama bintiye. "Trizah. Wazee wa kanisa wako nje. Ni mimi nimewaita."

Uso wa Trizah ulibadilika taratibu, kama taa ya stima inapopungua nguvu. "Wa nyumba ya maombi?"

"Ndiyo."

"Baba." Alisema hilo tu, akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mabati.

Mlango ulifunguka. Shivachi aliingia kwanza, mrefu, suti ya kahawia, nyuma yake Mama Akoth mwenye kengele na chupa ya maji ya maombi, na vijana wawili wenye mabega mapana. Jeconia aliinuka akawasalimia kwa heshima. Hakujibiwa.

"Ndugu Wanzala," Shivachi alisema. "Tumefika. Ushike mkono wa mtoto, unikabidhi."

Wanzala alikuwa amekwisha kupaka gundi kwenye mpasuko na kuweka kipande cha kitambaa juu yake. Sasa alilaza viganja vyote viwili kwenye koni akavikandamiza.

"Mikono yangu iko kazini, mzee."

"Iache hiyo."

"Nikiiacha inakaa upande. Inaharibika."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea na gundi." Hakuinua macho. Mtu huyu ndiye aliyemzika Lenah, na ndiye ambaye siku moja angemzika yeye. "Keti, mzee. Kuna viti."

"Unajua bila mkono wako hatuwezi kufanya kitu."

"Najua."

Hakuna aliyeketi. Mmoja wa wale vijana alipiga hatua, Shivachi akamzuia kwa kidole. Mama Akoth alihamisha kengele kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akiishika ulimi isilie.

"Ile ingine ndogo inafanya kazi?" Wanzala aliuliza.

"Spika ile? Inafanya, mzee," Alvin alisema.

"Basi endeleeni nayo. Trizah, anza ile ya mama yako. Wasikie."

Trizah aliondoa mgongo kwenye mabati, akashika maikrofoni. Kisha fimbo ziligongana, gitaa likaingia, na bintiye akavuta pumzi ndefu ambayo Wanzala aliisikia ikishuka hadi chini kabisa. Hakugeuka kuangalia uso wa mzee. Alikuwa ameinamia spika ile iliyokuwa bado haina waya wowote, na karatasi yake ilianza kutetemeka kwa sauti ya Trizah chini ya viganja vyake, kidogo, halafu zaidi, akaikandamiza kwa nguvu zaidi ili gundi ishike.