Mkufu wa Majongoo Bahari

Kifungo cha tatu cha shati la mume wangu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na nyumbani kwangu hapakuwa na uzi mwekundu.

Nilikuwa naanua nguo. Nikakivuta kile kifungo, kikagoma. Kimeshonwa na mtu mwenye subira: uzi umezungushwa mara nne, fundo limefichwa kwa ndani. Nikalinusa shati. Lilinuka moshi, na moshi wa jikoni kwangu naujua, si ule. Nikajiambia, Salomina, hujamaliza hata miaka miwili ya ndoa, na tayari kuna mwenzio anayemshonea mumeo vifungo.

Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Kijijini Wairuna, nyumba sitini tu, kila mtu alijua kwamba Melki alikuwa wa Orpa kabla hajaja kunichumbia mimi. Mama mkwe alimkataa. Orpa akaolewa na mchuma karafuu, mchuma karafuu akaanguka mtini msimu wa pili, na yeye akabaki mjane wa miaka ishirini na minne kwenye nyumba ya mwisho kabla ya rasi. Mjane mzuri, Mungu anisamehe. Hata masizi ya jikoni yalimpendeza.

Na kazi ya Melki ilimpeleka huko kila siku. Alikuwa mlinzi wa bahari. Wakati ule bahari yetu ilikuwa chini ya sasi: makuti machanga yalifungwa kwenye nguzo mbili, moja kila rasi, mchungaji akaomba, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuokota jongoo bahari hata mmoja mpaka kanisa lifungue. Tulikuwa tumengoja miaka miwili, na mavuno yote yalikuwa ya bati jipya la kanisa. Zilibaki wiki tatu. Asubuhi na alasiri Melki alipita ufukoni na fimbo yake na baragumu la kombe, na nguzo ya mwisho ilisimama mbele ya mlango wa Orpa.

Nilipomdokezea shoga yangu Febi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"We Mina nawe! Mtu akipita mlangoni kwa jirani ndiyo keshalala humo?"

"Na kifungo?"

"Kilikatika, kikashonwa. Ungekishona wewe, angerudi na uzi wako."

Hilo lilinichoma kuliko yote, maana lilikuwa kweli.

Kesho yake, Melki akiwa kwenye rasi ya upande mwingine, nilichukua papai moja likawa kisingizio. Nilimkuta Orpa anapuliza moto.

"Karibu, Mina. Kaa basi, usisimame kama polisi."

Nikakaa. Macho yangu yakawa yanatafuta shati, kandambili, chochote cha mume wangu. Kidonge cha uzi mwekundu kilikuwa dirishani, wala hakikufichwa. Kisha nikainua kichwa. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, chini ya majani ya mgomba, palikuwa na safu ya vitu vyeusi vilivyosinyaa. Majongoo bahari. Yalikwisha kuchemshwa, sasa yanakaushwa kwa moshi, na si kumi wala ishirini.

Orpa aliona nilichokiona. Akachukua kisu, akaanza kunimenyea papai langu mwenyewe.

"Melki anajua?" nikamuuliza.

"Muulize mumeo," alisema taratibu. Alivyolitamka neno hilo “mumeo”, ungedhani ni yeye aliyeniazima.

Siwezi kuficha, nilifurahi. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa bibi harusi. Kwetu mvunja sasi hachapwi wala hafungwi. Huvishwa alichokiiba shingoni, akazungushwa kijiji kizima akitangaza kosa kwa mdomo wake mwenyewe, watoto nyuma wanapiga makopo. Nilitaka Melki amwone Orpa akiwa hivyo, amwone vizuri mchana kweupe, halafu arudi kwangu.

Jumapili, mzee wa kanisa alipouliza kama kuna tangazo, nikasimama.

"Kwa Orpa kuna majongoo bahari," nikasema. "Nimeyaona kwa macho yangu."

Orpa alikuwa anainuka, lakini upande wa wanaume mtu alimwahi.

"Ni yangu," alisema Melki. "Niliyavua mimi. Nikamwomba anikaushie."

Orpa akafumbua kinywa. Melki akamtupia jicho, tena jicho moja tu, na kinywa kikafumba. Mimi katika ndoa yangu yote sikuwahi kutazamwa hivyo na kuelewa upesi namna ile. Wazee wakanong'onezana. Hakuna aliyemwamini, kwa kuwa Melki alikuwa mtu wa kurudisha baharini hata kombe tupu. Lakini mlinzi wa bahari akijishtaki mwenyewe kanisani, nani atamwita mwongo?

Saa nane mchana wakamvisha mkufu wa majongoo yale. Desturi ni mke kutembea nyuma ya mkosaji na kikapu, kwa hiyo nikakibeba. Jua lilikuwa kali, makopo yakipigwa, na kwenye kila kona Melki akapaza sauti: "Mimi Melkianus nimevunja sasi!" Majongoo yale makavu yakawa yanagongana kifuani mwake kama kuni. Tulipofika nyumba ya mwisho, Orpa alikuwa mlangoni analia waziwazi, hata hajifuti. Melki hakugeuza shingo. Mwanamume asiyejali angetupa jicho, nikawaza, na kikapu kikanilemea ingawa hakikuwa na kitu.

Jioni ile wakaja kuchukua baragumu na fimbo, wakampa binamu yake. Melki alikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, iliyoinuliwa juu ya nguzo, akisugua shingo. Nikashindwa kujizuia.

"Unampenda kiasi hicho?"

"Alikuwa anaondoka, Mina," alisema. "Kaka yake yuko mjini Ambon, ng'ambo. Lilibaki fungu moja tu auze, apate nauli. Nilifumba macho ili aende." Ndipo akanitazama. "Mimi nilitaka aende."

Meli ikaja, ikaondoka bila Orpa. Mwaka uliofuata mikarafuu ilizaa sana, na nauli ya Ambon angeipata mara kumi. Hakwenda. Nani angehama kijiji ambacho mtu amevaa mkufu ule kwa ajili yake? Mimi ndiye niliyemfunga hapa, kwa mdomo wangu, mbele ya kanisa zima.

Miaka thelathini na sita nilimtazama Orpa kisogo kanisani kila Jumapili. Melki alikuwa mume mwema, watoto wanne, hakuwahi kunisimanga hata akiwa na hasira. Lakini kila shati lake nilikagua kabla ya kufua, mpaka lile la mwisho, tulilomzika nalo mwaka jana.

Mwezi uliopita Orpa alikuja na sahani ya mikate ya unga wa sago. Akakaa ngazini kwangu, magoti yakimlia. Tukala, vikongwe wawili. Nilijua kuna jambo.

"Mina, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Alikuwa akikoroma?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa na mzaha. Miaka yote hiyo, na mwanamke huyu hajui! Hajawahi kujua. Ningempigia magoti palepale nimwombe radhi, na neno la radhi lilinifika kooni kabisa.

"Hapana," nikamwambia. "Alilala kimya, husikii hata pumzi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyekuwa akidhani hivyo siku zote. Akachukua sahani yake, akaenda zake.

Uongo mtupu. Yule mtu alikoroma mpaka kuku waliolala chini ya sakafu wakahama, na hilo sikuwa tayari kugawana na mtu.