Kranki ya Mgombani

Jumatatu tarehe 8 Machi 1954, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, msumeno wa mnyororo wa kampuni ya mbao ulinyamaza katikati ya mti wa mseri, katika msitu ulio juu ya Machame. Ulikuwa msumeno wa watu wawili, mzito kama ndama, ulioletwa mara tu baada ya vita. Theodory alishika upande wa injini, Thadeus upande wa ncha. Walisubiri. Mti haukuegemea kokote. Ukungu ulipita kati yao ukinuka kafuri ya mseri. Ulipokwisha kupita, Theodory aliifungua injini akakuta kranki imekatika vipande viwili. Kranki ni kile chuma kilichopinda katikati, kinachopokea mapigo ya pistoni na kuyageuza kuwa mzunguko. Bila hicho msumeno ni mzigo tu.

"Sisi tumepewa nafasi ya kuitazama," alisema Thadeus. "Ebenezeri hakupewa."

Mwezi Juni 1951 msumeno huohuo ulikuwa umezima namna hiyohiyo, mti nusu umekatwa, na mti ukageuka ukamwangukia Ebenezeri aliyekuwa upande wa injini. Upande wa ncha alikuwa Theodory. Kampuni iliandika kwamba marehemu alikuwa mzembe, ikasema kranki mpya imenunuliwa. Theodory alipoulizwa kuhusu uzembe alisema ndiyo. Hakuwa ameona uzembe wowote. Mwezi uliofuata alihamishiwa upande wa injini.

Msimamizi wa kampuni alikuwa Mwingereza ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakujibu neno kabla ya kutazama mkono wake. Alikiomba kipande cha Theodory, ile kadi ya kazi ambayo kila mwajiri alitaka kuisoma kabla ya kumchukua mtu. Alifungua kalamu, akaifunga tena.

"Jumamosi saa sita mchana," alisema. "Kranki ikipatikana, siandiki kitu. Isipopatikana, naandika mzembe."

Neno hilo likishaandikwa, hakuna kampuni wala shamba la kahawa kutoka Machame hadi Arusha ambalo lingempa Theodory hata jembe la kupalilia.

Jumanne alishuka Moshi juu ya lori la magogo, vipande viwili vya chuma vikiwa vimefungwa katika jani kavu la mgomba. Karakana ya Alawi ilikuwa nyuma ya stesheni. Alawi alikuwa fundi wa pikipiki, cherehani na pampu, mtu mnene aliyevaa kofia ya kufuma na kuongea bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

"Shikamoo, mzee Alawi."

"Marahaba. Umeniletea chakula gani kwenye jani, kitalolo?"

"Kranki."

"Ningefurahia zaidi kitalolo."

Aliipima kwa kalipa mahali sita na kuandika namba sita ukutani kwa chaki. Walitafuta siku mbili. Kranki ya pikipiki ilikuwa nene mno. Ya pampu ya maji, iliyotoka Mabogini kwenye majaruba ya mpunga, ilikuwa fupi. Kiboriloni, kwa wauza vyuma chakavu, walipata moja yenye urefu sawa, lakini mkono wake ulipinda upande usiofaa. Muuzaji, aliyeitwa Fikirini, alishauri wageuze injini nzima.

"Nikugeuze wewe kwanza," alisema Alawi, "tuone kama utafanya kazi."

Jumatano alasiri Alawi alivirudia vile vipande vilivyokatika, akavipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Hapa nusu ni nyeusi, nusu inang'aa," alisema. "Panapong'aa pamekatika juzi. Hapa peusi pana umri wa miaka. Na huu mstari wa njano ni shaba. Hii kranki ilishakatika zamani, mtu akaiunga, akaipaka grisi, akairudisha. Haikununuliwa mpya hata siku moja."

"Unaweza kuliandika hilo?"

Alawi aliliandika, akaweka tarehe na sahihi. Kisha akafuta chaki mkononi.

"Iko nyingine moja ninayoijua. Mjane mmoja wa kwenu alikuja nayo sokoni mwaka jana, ndani ya kikapu cha ndizi. Hakuwa akiiuza, alitaka tu kujua jina lake. Nikampimia. Ukilinganisha na namba hizi, ilipungua milimita nne kila mahali. Akaniambia ya mwaka wa kwanza ilikuwa kama kidole. Basi napiga hesabu kwamba ya mwaka huu itatimia."

"Ameitoa wapi?"

"Inaota kwenye mgomba wake. Anaitwa Eunike."

Theodory alimjua Eunike. Alikuwa mke wa Ebenezeri.

Alhamisi alirudi kambini na kumkabidhi Bwana Saa karatasi ya Alawi. Bwana Saa aliisoma yote, akatazama saa, akaitumia karatasi hiyo kufutia kijiti cha kupimia mafuta. "Jumamosi," alisema.

Ijumaa asubuhi mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha bila sauti. Theodory aliteremka kwa kufuata mfereji wa maji hadi kwenye kihamba cha Eunike, shamba lake la migomba. Kwenye mpaka wa kihamba kulikuwa na safu ya masale, mimea ya majani marefu, kama ilivyo kwenye kila mpaka, na alichuma jani moja na kulifunga fundo. Kwa Wachaga mtu aliyekosa humpelekea isale yule aliyemkosea, na isale halikataliwi. Akishalipokea mwenye haki, madai yake yamekwisha, na hata baraza haliyafufui. Theodory alilichuma kwa sababu alilelewa vizuri, na kwa sababu asingeweza kuingia mahali pale mikono mitupu. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Eunike alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alimwona, akaliona na jani, akaweka panga chini.

"Karibu, shemeji. Miaka mitatu, leo ndiyo njia imekuonyesha?"

"Kazi, shemeji."

"Kazi naijua. Ilianza na mume wangu."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Kaburi la Ebenezeri lilikuwa katikati ya migomba, na mgomba mmoja ulikuwa umesimama juu yake. Ulikuwa mwembamba, wa kijani kibichi, na shingo yake ilikuwa imeinama kwa uzito. Mahali pa mkungu ilining'inia kranki, nzima, yenye rangi ya samaki aliyetoka majini. Kutoka kwenye ncha yake ilidondoka oili, tone moja kila baada ya pumzi tatu au nne, na majani yaliyoanguka chini yalikuwa yameloa na kulainika. Mvua haikuishika. Nyuki wawili waliizunguka, wakatua, wakaondoka.

"Mchungaji ameiona," alisema Eunike. "Alisema si jambo la Kanisa. Bwana shamba naye alikuja, akasema si ugonjwa wa kahawa, akaenda zake. Mimi naurushia mgomba huu mbolea kama mingine."

Theodory alitoa kipimo alichokatiwa na Alawi kwa bati, akakipitisha mahali sita. Kilikaa mahali pote sita. Karibu na mkono wa chuma palikuwa na namba zilizogongwa, zilezile zilizokuwa kwenye msumeno.

"Naihitaji, shemeji. Kabla ya kesho saa sita. Wataniandika mzembe."

"Kama walivyomwandika yeye."

"Kama walivyomwandika yeye."

Eunike alilitazama lile jani mkononi mwa Theodory. Maji ya mfereji yalisikika mbali, kama watu wanaozungumza ndani ya nyumba iliyofungwa.

"Hilo isale ni la nani?" aliuliza. "Ni lako, au la kampuni?"

Theodory aliligeuza jani mkononi.

"Sikiliza, nikueleze vizuri. Kesi yangu dhidi ya kampuni iko kwa wazee wa mtaa, itasikilizwa Jumanne. Nataka lile neno lifutwe, basi, watoto wake wasiitwe watoto wa mzembe. Kama isale ni lako, nimekusamehe wewe kwa ulilolisema. Utakaa, utakunywa mbege, utakwenda. Lakini chuma utakiacha, kwa sababu msumeno si wako, na mwenye msumeno hajaniomba kitu. Kama isale ni la kampuni, chukua chuma chao. Nitakuwa nimewasamehe, na kesi imekufa. Ila wewe utabaki kama ulivyokuja."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Kama ingekuwapo, mimi ningeshaipita."

Tone moja la oili lilianguka, kisha jingine. Theodory alihesabu hadi tisa.

"La kampuni," alisema.

Eunike alinyoosha mikono yote miwili akalipokea, kama inavyotakiwa. Kisha akachukua panga, akaukata mgomba kwa pigo moja la mshazari, kama unavyokatwa mgomba wowote uliokwisha kuzaa, na kranki ikashuka polepole mikononi mwa Theodory. Ilikuwa na joto la mwili. Hakumkaribisha mbege. Mti wenyewe aliukatakata vipande vya kulisha ng'ombe.

Jumamosi saa nne na nusu kranki iliingia kwenye injini bila kusuguliwa popote. Alawi, aliyekuwa amepanda na lori ili kuiona, aliizungusha kwa kidole kimoja, akakubali kwa kichwa mara moja, akaomba chai. Saa tano na dakika kumi msumeno uliwaka. Bwana Saa aliuliza kranki imepatikana wapi.

"Machame," alisema Theodory.

"Nani anaziuza Machame?"

"Haiuzwi, bwana. Inaota kwenye mgomba, kaburini kwa Ebenezeri."

Bwana Saa alitazama saa yake. Aliandika katika kitabu cha stoo: kranki moja, imepatikana hapahapa. Alimrudishia Theodory kipande chake bila kuandika kitu. Kwenye jalada la mwaka 1951 hakugusa chochote.

Jumanne tarehe 16 kesi ya Eunike iliitwa ya tatu. Wazee walikuwa watano, na karani wao aliitwa Eliufoo. Upande wa kampuni hakuja mtu. Mzee aliyekaa katikati alimwuliza Eunike kama ni kweli, kama ilivyosikika, kwamba amepokea isale.

"Ni kweli, mzee."

"Lilitoka kwa nani?"

"Aliyelileta yuko pale. Mwulizeni."

Theodory alisimama. Alivua kofia.

"Kampuni," alisema.

"Bwana mkubwa mwenyewe alikutuma?"

"Nililileta kwa ajili ya msumeno wake."

Wazee walinong'onezana kwa Kichaga. Mmoja alisema Mzungu hajui isale ni nini. Mwingine alisema isale halimwulizi mtu anajua nini, limeshapokewa. Yule wa katikati alimgeukia tena Theodory.

"Wewe ulikuwapo siku ile mti ulipoanguka. Kabla hatujafunga, una neno lolote la kusema kuhusu marehemu?"

Eunike hakugeuza kichwa. Huko juu msituni, mbali sana, msumeno ulisikika ukianza kukata. Thadeus alikuwa upande wa injini siku hiyo.

"Sina," alisema Theodory.

Eliufoo aliandika kwamba madai yamekwisha kwa isale, akafunga kesi saa nne na dakika ishirini asubuhi.