Majoho ya Vioo

Nchi ya Angavu ilikuwa na jua la kumtosha kila mtu, na kwa sababu hiyo wakuu wake waliona ni hatari kuliacha lizagae ovyo. Walilitungia sheria, wakalizuia kwa mapazia mazito kwenye kila dirisha, wakajigawia wenyewe sehemu nono, na ili raia wasisahau nuru ni ya nani, wakavaa majoho yaliyoshonewa vioo kuanzia shingoni hadi visiginoni. Aliyevua joho hadharani alikuwa amevua cheo. Ndivyo walivyopitisha, wakajipigia makofi.

Fahari yao nyingine ilikuwa Hakimu, mtambo uliosukwa kwa chembe ndogo kuliko vumbi. Chembe ikimulikwa hufungua njia ya umeme, ikikosa mwanga huifunga, na kwa kufungua na kufunga huko mtambo ulipiga hesabu na kumtaja mwizi kwa sauti ya upole isiyojua mkubwa wala mdogo. Ndiyo maana upande wake wa kushoto, wenye habari za wakuu, haukumulikwa hata siku moja. Haki ni kitu kizuri, ila isizidi.

Siku ya kesi Sauda alisimama dirishani mwa chumba cha mtambo, roho mkononi. Mumewe Ngwali, mlinzi wa ghala la taifa, alishtakiwa kula mahindi ya nchi nzima. Sauda alizitazama mbavu za mumewe, akashangaa mahindi yote hayo yalipita wapi.

"Mama, usilie humu, utatutilia unyevu kwenye mtambo," alisema Mtukufu Kumbakumba, mkuu wa nchi, akiingia na mawaziri kushuhudia hukumu.

"Silii, Mtukufu. Nangoja."

Taa iliwashwa upande wa kulia. Vioo vya majoho vikaudaka mwanga, vikautupa kushoto, na chembe ambazo hazijawahi kuonja nuru zikafunguka kwa pupa.

"Kumbakumba," mtambo ukataja kwa upole. "Na waziri wa..."

"Zima taa!"

Taa ikazimwa, mtambo ukanyamaza. Mawaziri waliganda gizani, kila mmoja ameshika vifungo vya joho lake, hakuna aliyethubutu kuvifungua.

"Mfungeni huyo Ngwali kwanza, hukumu itamfuata hukohuko," Mtukufu aliamuru, akihema. "Na mtu yeyote asiguse pazia!"

Hadi hapo Sauda hakuwa amelifikiria pazia. Lilikuwa nyuma yake, zito, limejaa joto la jua la saa sita. Akalishika kwa mikono miwili.