Neno la Madhabahuni

Masizi yalikuwa yamemfunika Kapteni Tavik uso mzima, lakini Binti Mfalme Ludmira aliyajua mabega yale hata chini ya gunia la mkaa. Tavik alikuja kumtorosha kabla ya adhuhuri, kabla Waziri Ostrik, aliyekalia kiti cha marehemu mfalme, hajamwoa kwa nguvu. Walinzi wakamkamata kwenye ngazi za kasri.

Kwetu Morvenia, kasrini watu wote huambiana “nyinyi”, hata mtu akiwa peke yake. “Wewe” ni la Mungu, la mnyama, na la mume na mke. Bibi harusi hulitamka madhabahuni, mbele ya kasisi, na hapo ndipo ndoa hufungwa.

“Mnamjua mchuuzi huyu, Mtukufu?” Ostrik aliuliza.

“Simjui. Mwacheni aende, atatuchafulia zulia.”

“Haya, bwana masizi!” mlinzi akacheka. “Rudini kwa mkeo… kwa mke wenu, kama atawatambua!”

Tavik aligeuka. Ngazi zilikuwa na barafu, mguu ukateleza.

“Angalia, utaanguka!” Ludmira alimaka.

Kicheko kikakatika. Kasisi aliyekuwa mlangoni akainua macho.

“Utaanguka,” Ostrik alirudia taratibu, kama anayeonja mvinyo. “Mmemsemesha kama mume.”

“Kama punda,” alijibu Ludmira.

“Basi msemesheni tena, nasi tusikie.”

Neno lile Ludmira alikuwa amelitunza mwaka mzima, akilinong’ona gizani kwa sikio moja tu. Sasa alipaswa kumtupia Tavik mwenyewe usoni kama kinyesi cha zizini. Sauti ikitetemeka, Tavik angekatwa kichwa.

“Toka, punda wewe! Unanuka! Usikanyage hapa tena!”

Walinzi wakaangua kicheko. Ostrik hakucheka, alimtazama Tavik.

Tavik aliliweka gunia sawa begani. Kwa silabi moja angeweza kumjibu kama mke, akafa papo hapo.

“Nimewasikia, Mtukufu,” alisema.

Nimewasikia. Ludmira alilirudia neno hilo moyoni. Je, amenielewa, au ameniamini?

Ostrik akamnyooshea Ludmira mkono. “Twendeni ndani. Limebaki neno lenu tu.”

Ludmira hakuupokea. Nyuma yake buti za Tavik zilikuwa zikishuka ngazi, moja moja, bila haraka, kama za mtu anayengoja kuitwa.