Shamba Lipumzishwe

Hakuwa na hati ya shamba, hakuwa na miwani ya kusomea, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu kiwanda cha nyuzi kimrudishe nyumbani hakuwa na imani na mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Majirani walimwita Maana Yake, kwa sababu kila neno alilitaka lijieleze.

Asubuhi moja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa pale kijijini, alichukua udongo wa shamba lake wa kupima, akacheka kidogo na jirani pale mpakani, kisha akamwachia mzee karatasi: "Shamba lipumzishwe misimu miwili."

Mzee alilisoma neno lile mara tatu, karatasi ikigusa pua. Kiwandani nako waliandika hivyohivyo: "Umepumzishwa kwa muda." Muda wenyewe ulikuwa unaingia mwaka wa kumi na moja.

"Huanza na kupumzisha," alimwambia mkewe. "Ukigeuka, kiti chako kimekaliwa. Na yule jirani alikuwa anacheka nini?"

"Labda kofia yako," mkewe akajibu, akipukuchua mahindi. "Baba wee, hata jogoo akiwika utamwuliza maana yake? Mfuate binti wa watu akwambie."

Alimkuta ofisini akipanga vifuko vya udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kupumzisha, maana yake?"

"Udongo umechoka, mzee wangu. Kila mwaka mahindi, mahindi tu. Panda kunde zifunike ardhi, kisha zifukie humohumo zioze. Rutuba itarudi."

"Na mwenye shamba?"

"Yupo palepale."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na wewe ukihamishwa?"

Bibi shamba akarudi kwenye vifuko vyake.

"Na jirani, mlicheka nini?"

"Alisema utanifuata kuuliza maana kabla ya saa sita."

Mzee hakucheka. Akasukuma karatasi mezani. "Andika."

Akaandika: "Kupumzisha shamba ni kuacha zao lilelile ili udongo upate nguvu. Shamba hubaki la mwenyewe."

"Ongeza: na mipaka yake."

Akaongeza, akagonga muhuri.

Mzee alikaa kwenye benchi la nje, akaandika ombi la hati aliloliahirisha miaka yote, akaliambatanisha na maana ile, akaandika juu ya bahasha: Ofisi ya Ardhi. Akailamba, akaikandamiza kwa kidole gumba hadi ikashika. Huko posta aliisukuma sandukuni, kisha akaingiza vidole kuhakikisha imeanguka.