Uani kwa Mama Léonce

Mutoni alipowaita majirani waje kuchora mtaa wao, walikuja wote, tena kwa wakati, jambo ambalo lingemtia mashaka mtu yeyote aliyekaa Kagugu miaka ya kutosha. Yeye alikuwa amekaa miezi minane tu. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akavuka mpaka kuja Kigali kusomea shahada ya uzamili ya mipango miji endelevu na maendeleo ya jamii, na huko darasani alifundishwa kwamba jamii ikishika kalamu yenyewe itasema ukweli wake. Basi akanunua karatasi za manila, kalamu za rangi na kreti mbili za fanta, akaipa jamii kalamu.

Walichora kwa adabu kubwa. Watu wa Kigali wanazijua rangi za ramani ya jiji kama mkulima anavyoyajua mawingu. Njano ni nyumba, kijani ni nyasi au mboga, na pasipo na rangi ni mahali pa kuitwa ofisini kujieleza. Kaya sitini na mbili zikachora nyumba sitini na mbili, kila moja na bustani yake ya mboga, kila moja na uzio ulionyooka. Hakuna aliyechora mbuzi, ingawa mbuzi mmoja alilia nyuma ya ukuta watu wakiwa katikati ya kazi, na hakuna aliyeinua kichwa. Na hakuna hata mmoja aliyechora vyumba vya uani.

Wakati huo nusu ya mtaa ililala uani. Mwenye nyumba hujenga ya mbele kwa kibali, kisha nyuma yake huongeza vyumba bila kibali, kimoja mwaka huu, kingine Mungu akijalia, na humo hukaa wauguzi, mafundi, walimu na wanafunzi wa mipango miji. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Tuwatendee haki: hawakukusudia kudanganya. Waliuchora mtaa unavyotakiwa kuwa, kama mtu anavyovaa shati safi kwenda kupigwa picha ya kitambulisho.

Mama mwenye nyumba wake, Pudentienne, ambaye mtaani walimwita Mama Léonce, aliupaka uani wake rangi ya kijani taratibu, bila kuvuka mstari popote. Mutoni, aliyekuwa analala katika chumba cha pili cha uani huohuo, alimsifu kwa kuwa na mkono thabiti.

Ramani ikawa kiini cha tasnifu yake, na ikapendwa kuliko alivyotarajia. Wahandisi waliokuwa wakisanifu mtaro wa maji ya mvua kwa ajili ya mlima wa Kagugu waliomba nakala yake, maana kila Aprili maji yalishuka na udongo na viatu vya watu, na mtaro ulikuwa unahitajika kweli. Wakaona nyuma ya nyumba kuna ukanda mrefu wa nyasi usio na mtu. Wakapitisha mtaro hapo. Majirani wakaitwa kutia sahihi, nao wakatia, kwa sababu mtu huitwa ofisini ili atie sahihi.

Mutoni alizipata habari hizo kwa Dokta Umulisa, msimamizi wake, mwanamke mpole mwenye tabia ya kuuliza maswali mafupi. Alikuwa amemaliza kuisoma tasnifu. Alisema katika miaka kumi na tano ya kazi hajawahi kuona mtaa wa Kigali unaofanana na mpango wa jiji kwa asilimia mia, na angependa kuhamia huko. Kisha akaiweka ramani mezani, juu yake akaweka mchoro wa mtaro, akamwuliza Mutoni anaishi wapi. Mutoni akaweka kidole.

"Hapo ni nyasi," akasema Dokta Umulisa.

Mutoni akakubali kwamba ni nyasi.

"Nyasi hizo zina umeme?"

Zilikuwa na umeme. Zilikuwa pia na bomba la pamoja, kamba tatu za kuanikia nguo, na choo ambacho mlango wake ulihitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Mutoni alikitazama kidole chake mwenyewe, na aibu iliyomshika hapo ilikuwa ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Miezi sita alikuwa ameandika juu ya watu wasioonekana katika mipango ya miji, kurasa mia moja na kumi na mbili, na hakuona kwamba yeye mwenyewe hayumo.

Dokta Umulisa akamweleza hali bila kuzungusha. Tasnifu ikienda ilivyo itapita, kwa kuwa watahini hawakai Kagugu. Akiirekebisha itabidi aanze upya, ufadhili wake unaisha Juni, na yeye msimamizi hana mamlaka ya kuurefusha. Mtaro je? Wahandisi hawawezi kubadilisha mchoro kwa neno la mwanafunzi, kwani wana sahihi sitini na mbili. Marekebisho lazima yatoke kwa wakazi wenyewe, mkutanoni, mbele ya watu. Mashine zitaanza baada ya umuganda ujao, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Na kiwanja kitupu hakipelekewi barua ya kuhama, kwa sababu hakuna wa kuipokea. Mutoni akamwuliza angekuwa yeye angefanya nini. Dokta Umulisa akajibu kwamba siye aliyechora.

Jioni hiyo Mutoni alimkuta Mama Léonce jikoni, anatwanga isombe, yaani kisamvu. Wawili hao walizungumza Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda cha Mutoni kilikuwa bado kinachechemea, na Mama Léonce alikuwa amekulia Bujumbura, ambako Kiswahili ni cha sokoni na cha uani vilevile. Mutoni akamweleza yote. Mama Léonce hakuacha kutwanga. Alipofiwa na mumewe alibaki na nyumba ya mbele na mtoto mmoja, na vile vyumba vitatu alivijenga kwa miaka tisa, akisomba matofali mwenyewe kutoka barabarani. Kimoja kilimsomesha Léonce, cha pili kilimlisha yeye mwenyewe, na cha tatu alikuwa amekiweka kwa ajili ya uzee, ambao sasa ulikuwa umeshafika. Hakuwa na pato lingine duniani, na alilisema hilo kama mtu anayetaja saa.

"Mutu akikuja na mashini, akute nyumba, atazunguka," akasema. "Hakuna mutu anachimba mutaro ndani ya nyumba ya mutu."

Mutoni akasema mwenye mashine hufuata karatasi.

"Karatasi haina macho. Ye iko na macho."

Mutoni akasema afadhali waseme mapema mkutanoni. Hapo mchi ukasimama. Mama Léonce akamkumbusha kwamba kusema una vyumba bila kibali mbele ya serikali ni kujishitaki bila kuulizwa, na kwamba mtaa mzima ulikuwa umenyamaza miaka yote hiyo kwa akili timamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, Mutoni akamjibu, kwa ujeuri wa mtu aliyesoma. Mama Léonce akamjibu kwamba na anayeyatangaza kifo humuumbua vilevile, tena mapema zaidi. Mwisho akamwomba jambo moja.

"Jina yangu usiseme. Weye sema yako."

Mutoni akaahidi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji mzima ukatoka na majembe na makoleo kwenye umuganda. Mtaa wao ulifyeka majani kando ya barabara hadi saa tano, wenye nyumba na wapangaji bega kwa bega, kisha wote wakakaa kwenye nyasi za shule kusikiliza mkutano. Aliyeuendesha alikuwa Kagabo, gitifu wao, kama watu wa Kigali wanavyomwita katibu mtendaji. Alikulia Uganda na alipenda mikutano iishe haraka. Akaeleza mtaro utakapopita. Akashukuru wananchi kwa ushirikiano wao katika kuchora ramani. Akauliza kama kuna mwenye swali, akiwa ameshaanza kuikunja karatasi.

Mutoni akasimama. Kinyarwanda alichokuwa amekikariri wiki nzima kilimtoka kichwani chote isipokuwa salamu. Akaamkia. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, na mtu mmoja mbele akawa anatafsiri kwa wazee. Akasema ramani ni yake, na si ya kweli. Akasema aliichora na wao na hakufungua macho, na kosa ni lake yeye aliyesomea kazi hiyo. Akasema mtaro unapita juu ya kitanda chake.

Hakuna aliyecheka. Watu mia mbili walianza kuyakagua majembe yao.

"Dada," Kagabo akauliza, naye kwa Kiswahili, "wewe unakaa kwa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Mutoni hakulifanyia mazoezi. Pale hapakuwa na mtu asiyejua anakaa kwa nani. Kagabo mwenyewe alikuwa amevaa shati lililoshonwa na Hakizimana, fundi wa chumba cha tatu, na alikuwa amekwenda kulijaribu huko huko uani mara mbili. Lakini swali la serikali linataka jibu la kusemwa, na Mutoni alikuwa ameahidi.

"Nimeahidi kutomtaja," akasema.

Kagabo akafungua daftari. Akasema bila mwenye nyumba hakuna nyumba, na bila nyumba hana cha kuandika, kwa hiyo mtaro utapita ulipochorwa. Hakulisema kwa ukali. Akamwomba Mutoni aketi, kwa kuwa jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Mutoni hakuketi. Alikuwa ameshaitupa shahada yake na bado hajaokoa hata dirisha moja, na machozi yalimjaa kwa hasira, si kwa huzuni. Angeweza kusema jina moja tu na mambo yakaisha. Akafunga mdomo, akabaki amesimama.

Mama Léonce alikuwa ameketi safu ya tatu, kitenge kimefungwa vizuri. Akaliegemea jembe lake, akasimama.

"Iko kwangu," akasema. "Vyumba vitatu. Nilijenga mimi, na ruhusa sina. Andika: Pudentienne."

Akataja na namba ya kitambulisho chake, tarakimu zote kumi na sita, bila kuisoma popote. Kisha akaketi.

Kagabo akaandika. Wa pili kusimama alikuwa mzee mwenye vyumba viwili, ambaye alisema vilikuwa stoo. Aliulizwa kama stoo zina watu, akasema wawili watatu. Baada yake walisimama wengine, kila mmoja akieleza kwa kirefu kwamba vyake ni tofauti na vya wenzake, na mkutano uliotakiwa kuisha saa sita ukaisha saa tisa. Vikaandikwa vyumba thelathini na moja.

Mtaro ukahamishwa, ukapita pembeni mwa njia ya chini. Wapimaji wakaja na vyombo vyao, wakapima kila uani, safari hii kwa macho. Vyumba ishirini na vinane vikapewa fomu za kuombea kibali, pamoja na zile stoo. Vitatu havikupewa. Mteremko chini yake ulikuwa umezidi kiwango cha kujengea, na hapo hakuna fomu inayosaidia. Vilikuwa vya Mama Léonce. Akapewa siku sitini avibomoe mwenyewe, na Kagabo aliileta barua kwa mkono wake, akakaa kidogo, akanywa maji, akaondoka.

Tasnifu haikuwasilishwa mwaka huo. Watu walimshukuru Mutoni njiani, mmoja alimpelekea ndizi, na kila shukrani ilimchoma. Alipata kitanda kwa mwenzake wa darasani huko Kinyinya, lakini siku ya kuezua alirudi asubuhi na mapema. Hakizimana alikuwa ameshahamisha cherehani. Mama Léonce alikuwa juu ya ngazi anang'oa misumari, akiinyoosha mmoja mmoja na kuitia mfukoni mwa aproni, naye Mutoni akawa anapokea mabati kutoka chini. Wakafanya kazi hivyo mpaka chumba cha kwanza na cha pili vikawa wazi juu, mchana ukaingia hadi mahali kitanda chake kilipokuwa.

Hapo Mutoni akashindwa kunyamaza. Akamwambia Mama Léonce amsamehe, kwamba yeye ndiye aliyemponza, kwamba laiti angekaa kimya mashine zingeweza kweli kuzunguka, nani ajuaye.

Mama Léonce akang'oa msumari mwingine, akautazama kama unanyooka.

"Weye ulisema kitanda yako," akasema. "Jina yangu nilisema mwenyewe. Usiichukue."

Kisha akamwambia ashike bati kwa mikono miwili, lisije likamkata.