Doa la Kidole Gumba

Mnunuzi wa ng'ambo hakuandika maneno mengi. Alituma picha tu: maparachichi yaliyokatwa katikati, kila moja lina doa jeusi la mviringo chini ya ganda. Yote yalitoka shamba namba arobaini na moja.

"Shamba la mama mkwe wako hilo," msimamizi wa ghala alimwambia mchambuzi, mwanamke aliyetimiza miaka sita kwenye meza ya kuchagua matunda. "Anayabonyeza kama yuko sokoni. Ukilibonyeza likiwa bichi, doa linajitokeza baada ya wiki tatu, limeshavuka bahari. Yakija hivi tena, namfuta kwenye orodha." Akamtolea tunda moja la sampuli ya mzigo uleule kutoka chumba baridi. "Kamwonyeshe."

Mchambuzi alilibeba kama aliyebeba barua ya msiba. Mama mkwe alikuwa ameng'oa kahawa yake yote kwa ajili ya miparachichi ile. Akifutwa, hana pa kushika. Tena ni mama mwenye maneno yake. Ukimwambia kakosea, vuta kiti kabisa, maana utakaa sana.

Jioni alilikata mezani kwa mama mkwe. Doa lilikuwepo. Akaeleza taratibu, macho chini, kwa adabu zote za mkamwana.

Mama mkwe, ajabu, alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akaweka kidole gumba chake juu ya doa. Kikalifunika lote na kuzidi pande zote.

"Kidole hiki kimeshika jembe miaka arobaini," alisema. "Hebu lete chako, mwanangu."

Kilienea sawasawa.

Hapo ndipo mchambuzi alipokumbuka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Matunda ya watu wengine aliyapima kwa macho. Ya namba arobaini na moja tu ndiyo aliyokuwa akiyabonyeza, moja baada ya jingine, lisije likapita lililolainika.

"Sikutaka uaibike, Mama."

"Najua. Basi kuanzia kesho nipende kwa macho."

Asubuhi, kabla hajavaa aproni, alimweleza msimamizi yote. Msimamizi aliguna, akamhamishia kwenye kuosha kreti. Namba ikabaki orodhani. Mzigo wa mama mkwe ulipoingia, mkamwana alitoka kwenye maji, akasimama kando ya mlango, mikono nyuma, akiyatazama maparachichi yakipita.